Picha za familia Bagamoyo: kutoka "ya soda" hadi kazi

Wakuu, napiga picha tangu enzi za filamu za picha 36. Sasa kila Idi majirani hapa Dunda wananiita, wananipa ya soda. Nataka iwe biashara. Nina lenzi ya 50mm tu.

— Shikamoo mzee. Hiyo inatosha watu wanne. Ukipiga ukoo mzima, utarudi nyuma hadi barabarani. Tafuta 35mm, inaona pana zaidi. Ufukwe wetu unatazama mashariki: asubuhi, bahari ikiwa mgongoni mwao, nyuso giza. Piga baada ya alasiri, minazi ikishatoa kivuli.

— Chukua TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya halmashauri. Kwenye magofu ya Kaole kuna kiingilio, waambie wateja mapema. Nusu ya malipo kwanza!

— Marahaba. Na shangazi zangu, niwatoze?

— Nao walipe. Wapunguzie kwenye fremu.