Naomba ushauri: jengo ndani ya dimbwi halitoki vizuri kwenye picha

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, na natumia lenzi ya milimita 18 hadi 55 kwenye kamera yenye kihisio (kipande kinachopokea mwanga) kidogo. Juzi mvua ilipokatika nilichuchumaa kando ya dimbwi mbele ya stesheni ya reli, nikaishusha kamera karibu kabisa na maji ili jengo lote lionekane limepinduka. Nililenga uso wa maji, tundu la lenzi likiwa f/3.5, yaani limefunguka sana. Jani la mwembe lililokuwa likielea limetoka safi hata mishipa yake inahesabika, lakini stesheni ni kama imepigwa kupitia moshi. Je, tatizo ni lenzi au ni mimi?

Mchangiaji wa kwanza
Pole, mkuu. Peleka f/22, tundu dogo kabisa, na uendelee kulenga maji, kwa kuwa taswira iko hapo hapo juu ya maji.

Fundi wa Ujiji
Nampinga aliyetangulia, tena pote pawili. Mwanga wa stesheni uligonga maji ndipo ukaingia kwenye lenzi, na lenzi haijui kwamba njiani palikuwa na maji. Inachohesabu ni safari nzima. Ikiwa jengo lipo mita 20 kutoka dimbwini na wewe upo nusu mita, fokasi, yaani umbali ambao lenzi inalenga, inatakiwa iwe mita 20 na nusu, ilhali wewe uliiweka kwenye jani. Kuhusu f/22, tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika unapopenya, na picha nzima hupoteza ukali.

Ukitaka jani na jengo vyote viwe safi, weka milimita 18 na f/16, ulenge kitu kilicho umbali wa mita moja hivi. Kwa kihisio chako, eneo safi litaanzia takriban nusu mita na kuendelea hadi mbali kabisa. Tafuta stendi, maana tundu hilo linakula mwanga. Ukilitaka jengo tu, lenga jengo lenyewe, geuza lenzi iwe ya mkono isijilenge upya, kisha inamisha kamera dimbwini.

Mchangiaji wa tatu
Naongeza: kama una filta ya polaraiza, ivue au uizungushe huku ukitazama, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuufuta mng'ao wa maji, na huo ndio unaoutafuta. Mimi nilipoteza asubuhi nzima Kibirizi nikishangaa mitumbwi yangu haina taswira.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Leo nimejaribu kwenye saluni ya kunyolea huku mtaa wa Mwanga. Nilipolenga karatasi ya bei iliyobandikwa kwenye kioo, bei zilisomeka lakini uso wa mteja ukayeyuka. Nilipolenga macho yake ndani ya kioo, bei zikayeyuka. Mteja alikuwa mita moja na nusu kutoka kiooni, mimi mita mbili, na pete ya umbali ya lenzi kuukuu niliyoazima ikasoma mita tatu na nusu. Swali la mwisho: ziwani kukiwa na mawimbi, mahesabu ni hayo hayo?

Fundi wa Ujiji
Umbali ni ule ule, ila kila kiwimbi ni kioo kidogo kinachotazama upande wake, hivyo taswira hukatikakatika, na hapo fokasi haisaidii. Wahi alfajiri, kabla upepo haujaamka.