Huyu "mtaalamu" wa kompyuta anayezunguka mashuleni kwetu kapoteza maksi za shule nzima halafu AKANICHEKA kikaoni!!!

Wakuu habari za jioni, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata vumbi la chaki sijakung'uta na hasira zimenifika kooni. Mnamjua. Jina sitaji maana hahitaji kutajwa, kila mwenye shule huku kwetu anamjua, yule wa begi la laptop ambalo haijawahi kutoka laptop, anayeingia ofisini anaanza na "hii mashine yenu imejaa virusi" kabla hata hajaiwasha. Huyo huyo.

Leo mbele ya mkuu wa shule, mbele ya makamu, mbele ya walimu wote mpaka yule mtoto wa field (mwanachuo wa mazoezi) aliyeripoti Jumatatu, ameniambia "mwalimu, ile haikuwa bakapu, ile ni sinki, ulitakiwa kujua." Bakapu yaani nakala ya akiba, sinki ndio hiyo "sync" ya Kizungu. Halafu akacheka. Akacheka jamani! Ameshika soda ya hela ya shule, amekalia kiti CHANGU cha taaluma, anacheka mpaka mabega yanacheza.

Ngoja niwape mkanda mzima. Mimi ndio mtaaluma. Mambo yote ya taaluma yako kwenye kompyuta moja ya mezani, maksi za fomu wani mpaka fomu foo, alama za CA (za majaribio na kazi za darasani), ripoti za wazazi, mitihani ya nyuma ambayo walimu waliitunga kwa jasho, kila kitu. Mwaka jana huyu bwana akaja, akasema mashine ikifa shule imekufa, akatuwekea folda la klaudi, yaani la huko juu mtandaoni, akalipwa, akasimama mbele ya walimu akatangaza "kuanzia leo mna BAKAPU." Alisema bakapu. Hiyo sinki mimi nimeisikia kwa mara ya kwanza leo, ikitoka kwenye mdomo uliojaa soda.

Na hapo hapo akapiga marufuku flashi. Flashi zote! Eti zinaleta virusi vya shotikati, eti kukopi kwenye flashi ni ushamba, dunia imehamia juu. Mimi nilikuwa na flashi yangu nakopi kila Ijumaa, akaniambia weka kabatini mwalimu.

Sasa mwezi wa tano mwishoni, tunakaribia kufunga, mashine ikawa nzito, yaani ukifungua Excel unaweza kwenda kantini ukanywa chai, ukasahihisha madaftari ya mikondo miwili, ukazaa, ukamlea mtoto, ukarudi bado inazunguka. Tukamwita. Akaangalia akasema diski imejaa. Akanyoosha kidole kwenye folda la taaluma, "futa hili, vyote viko juu." Nikamuuliza una uhakika? Akasema "mwalimu futa tu, viko juu." Sekretari alikuwepo. Mhasibu alikuwepo, anasubiri asaini malipo. Nikafuta kama mtaalamu alivyoelekeza.

Tukafunga shule. Tumefungua Julai naingia huko juu, kweupeee. Hakuna hata herufi. Kumbe kile kidude ukifuta chini na chenyewe kinakimbia kufuta juu, kikimaliza kinafuta na kwenye laptop ya makamu, yaani mkuu wa shule angekuwa nacho mwezini kingemfuata huko huko. Eti kuna tupio, vinakaa siku 30 halafu linajisafisha lenyewe. Siku 30 si ndio likizo yenyewe! Zimeisha sisi tuko makwetu tunavuna.

Fomu foo wana mtihani Novemba, CA zao zinatakiwa. Nimekaa naokota maksi kwenye vikaratasi, mwalimu wa historia kaniletea maksi za mkondo B nyuma ya kadi ya mchango wa harusi, wa kemia yeye kahamishwa yuko Katavi na simu haishiki.

Na sio hilo linaloniuma, vitu kupotea kunatokea. Ni KILE KICHEKO. Mkuu wa shule anauliza kwa upole "sasa fundi, si ulituambia zina bakapu?" na yeye badala ya kujibu ananigeukia mimi. "Ile ni sinki mwalimu, ulitakiwa kujua." Ningejuaje? Nani alinifundisha? Aliyekuja kufundisha si ndio yeye, na alilipwa, na alisema futa tu, na leo anakunywa soda yetu anacheka na mtoto wa field naye anatabasamu!

Nauliza, mtu kama huyu kwenu mnamfanyaje?

---

Kiberenge88
Pole ticha. Nimesoma yote ila nimekwama kwenye soda. Ilikuwa soda gani?

MtaalumaMkali (mwenye uzi)
Orenji. Na aliimaliza.

Mzee_wa_Chaki
Huyo namjua, kwetu aliweka antivirusi, akaondoka na chaja ya projekta. Tukimpigia anasema yuko Dodoma kwenye semina. Semina tangu Machi.

BintiWaPwani
Mwalimu pole sana, hasira zako ni za haki. Kwa faida ya wengine niseme tu, sinki kazi yake ni kufanya folda zifanane kila mahali, na ukishafuta sehemu moja kufanana kwenyewe ndio kufuta kwingine kote. Ukiharibu faili linaharibika kote, virusi vya kufunga mafaili vikiingia vinapanda na juu. Bakapu ni nakala ya jana ambayo mambo yako ya leo hayaigusi. Sijui mnatumia huduma gani ila jaribu hivi: Google Drive tangu Oktoba 2020 tupio linajisafisha baada ya siku 30, LAKINI kama akaunti ni ya taasisi, admin (msimamizi wa akaunti) anaweza kurudisha ndani ya siku 25 baada ya tupio kusafishwa. OneDrive ya kazini kwa kawaida inatunza vilivyofutwa siku 93. Nani ana akaunti ya admin hapo shuleni?

MtaalumaMkali
Asante dada yangu. Akaunti imefunguliwa kwa email YAKE BINAFSI. Nimeligundua hilo leo leo kikaoni. Makamu alimuuliza nenosiri akasema atalituma, akacheka tena.

BintiWaPwani
Email yake binafsi?? Maksi za watoto wa watu???

Mlalahoi_Sugu
Hahahaha mtaaluma mzima anaambiwa futa anafuta. Wewe fundi akikuambia ruka ghorofani si utaruka. Huku mtaani hata muuza chipsi ana daftari mbili.

MtaalumaMkali
Wewe soma uzi kwanza. Flashi nilikuwa nayo akaipiga marufuku YEYE. Daktari akikuandikia dawa unameza au unamwambia ngoja nikasome udaktari kwanza? Alikuja kama mtaalamu na akalipwa kitaalamu.

Nshomile_Original
Naomba tumtendee haki mwalimu, huu mkanganyiko umeanzia kwa wakubwa. Google wenyewe mwaka 2017 walitoa programu wakaiita Backup and Sync, hivyo vitu viwili kwenye jina moja, wakaja kuiondoa 2021. Windows mpaka leo inakubembeleza eti ufanye bakapu ya Desktop na Documents, ukikubali inachofanya ni kuyasinki mafolda yako OneDrive. Sasa mwalimu wa Kiswahili huku kwetu atatenganisha vipi? Wakati huo huo usidhani wenye bakapu za kweli wako salama, GitLab, kampuni ya kutunza kazi za waandika programu, tarehe 31 Januari 2017 mtu wao alifuta data kimakosa, walikuwa na njia tano za kunakili na hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa, wakapoteza data ya kama saa sita. Bakapu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu.

Mlalahoi_Sugu
Nshomile na wewe kila uzi lazima utupeleke ng'ambo.

Mama_Juu_ya_Mti
Jamani mimi yangu ndio kubwa kuliko hii. Mume wangu simu yake ilijaa, akakaa kitandani anafuta picha moja moja anapiga na mluzi, kumbe tableti ya nyumbani na simu ya zamani vyote viko akaunti moja. Picha za mtoto tangu anazaliwa mpaka anatembea ZOTE. Namuuliza anasema "si nimefuta kwenye simu yangu mimi." Picha za mkutano wa timu yake hajafuta hata moja. Maksi utazikusanya tena mwalimu, meno ya kwanza ya mwanangu nayakusanyia wapi?

Kiberenge88
Picha za mkutano wa timu zina thamani yake mama, usimlaumu mzee.

Mama_Juu_ya_Mti
Wewe nyamaza.

SautiYaBonde
Mnaongelea klaudi kana kwamba bando mnapewa bure. Mimi nimewasha hicho kitu usiku, asubuhi bando la wiki limeisha na kimepandisha video mbili, zote za mbuzi wa shemeji yangu. Kuna mtu wa kawaida kweli anaweza kupandisha GB mia huku kwetu?

Mzee_wa_Chaki
Na intaneti yenyewe. Mnakumbuka Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, siku ile kila aliyekuwa na kazi "juu" alikaa chini anaangalia dari. Mimi mafaili yangu yalikuwa kwenye hadi-diski (hard disk) ya nje, nikaendelea kuchapa mitihani kama kawaida.

MtaalumaMkali
Wakuu turudi kwenye mada. Mtu amenicheka mbele ya MTOTO WA FIELD. Huyo dogo kesho ananiheshimu vipi?

Dogo_wa_Posta
Mzee wa Chaki hadi-diski umenunua wapi? Mimi nilipigwa Kariakoo, flashi imeandikwa 2TB elfu kumi na tano, nikaweka muvi zangu zote na kazi za wateja. Zinaonekana majina, ukifungua hazichezi.

Nshomile_Original
@Dogo_wa_Posta hiyo ni feki. Ndani inakuwa na GB 32 hivi au chini yake, wamechezea chipu idanganye kompyuta. Ukifika mwisho inaanza kuandika juu ya vya zamani. Kabla ya kuweka kitu chochote endesha programu ya H2testw, ya bure, inajaza flashi yote halafu inasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichomo.

Dogo_wa_Posta
Sasa si ungesema mwaka jana.

Mlalahoi_Sugu
2TB kwa elfu kumi na tano na wewe ukaamini??? Leo uzi wa watu wa kuamini.

Dogo_wa_Posta
Aliniwekea kwenye laptop yake nikaona kwa macho 2TB imeandikwa! Wewe ulitaka nipasue?

SautiYaBonde
Mimi niliuziwa memori kadi ndani hamna kitu kabisa, kaplastiki tu. Hata feki haikufikia.

Mama_Juu_ya_Mti
Kuna jamaa pale kwenye ngazi anauza za kweli na risiti anatoa, ila lazima uende kabla ya saa nne.

Mzee_wa_Chaki
Yule wa ngazi kahamia ghorofa ya pili karibu na wauza vioo vya simu.

MtaalumaMkali
Kanitumia meseji sasa hivi. Anasema nimlipe hela ya nauli aje "kuangalia kama inawezekana kurudisha." NAULI.

Kiberenge88
Na soda.

Dogo_wa_Posta
Huyo wa ghorofa ya pili anafunga saa ngapi? Na kuna mtu anamjua fundi wa kutoa data kwenye diski inayogonga gonga? Niko Mwanza, aje PM.

Nshomile_Original
Diski ikianza kugonga izime kwanza, usiendelee kuichomeka chomeka. Ilianguka au imeanza yenyewe?

Dogo_wa_Posta
Mdogo wangu anasema imeanza yenyewe ila anaongea akiangalia pembeni.