MREJESHO: Ami yangu wa usaha kifuani

Asalaam alaykum jamani, mimi ndo yule wa Chake, Pemba, nlouliza kama ami yangu apasuliwe au tungoje, kajaa usaha kifuani baada ya nimonia, mpira wa kutoa usaha kaekewa wiki mbili na homa bado. Basi tukavuka Dar, CT skani ikaonesha usaha umeganda umefanya gamba gumu linalibana pafu, daktari akasema hapo mpira peke yake hausaidii tena, wakamfungua ubavuni wakalimenya lile gamba pafu lipate kutanuka. Katoka chumba cha upasuaji na mipira miwili kifuani, imeingia kwenye machupa ya maji, akikohoa yanatoa mapovu, na ole wako uinyanyue chupa juu ya kifua chake, manesi watakufokea! Juzi mipira imetolewa. Ubavu unamuuma bado ila jana kaulizia urojo, Dar hii nautoa wapi miye.