Naomba ushauri: nipime vipi albamu ya Norma Jean ya mwaka 2002?

Ndugu wanachama, habari zenu. Naandaa uhakiki wa Bless the Martyr and Kiss the Child, albamu ya Norma Jean, bendi ya Kikristo ya muziki wa hadikoo (roki kali yenye ukelele) kutoka Georgia, Marekani, na nimekwama kwenye kutoa uamuzi. Nguvu yake naiona: katika wimbo wa Memphis Will Be Laid to Waste, ambamo Aaron Weiss wa bendi ya mewithoutYou ameshirikishwa, magitaa yanarudia mlio mkali hadi msikilizaji anakosa pa kukimbilia. Udhaifu ni kwamba sauti ya Josh Scogin, aliyeiacha bendi muda mfupi baadaye, ni ukelele karibu mwanzo hadi mwisho, na wimbo mmoja wa takriban dakika 15 unachosha (mimi, walau) kabla haujafika nusu. Nimeisikiliza kwa spika na kwa hedifoni, tena nikifuatisha mashairi yaliyoandikwa, lakini imani ya wanamuziki hawa bado naiona kwenye karatasi zaidi ya kuisikia.

Je, ni haki kuhesabu kutosikika kwa maneno kuwa kasoro, ilhali mtindo wenyewe umejengwa juu ya ukelele? Na wimbo huo mrefu, mngeupima peke yake au ndani ya albamu nzima?