Gobori la babu limeshika kutu: nilifanyeje?

Mkaazi wa Wete: Assalaam aleikum. Nimerithi gobori la babu, yaani bunduki ya kale inayoshindiliwa kwa mdomoni, na fundi mmoja ananishauri nilichonge liwe bunduki ya kisasa. Mnasemaje?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usikubali kabisa, kwani mtutu ule ulifuliwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo shinikizo lake ni dogo kuliko la baruti isiyo na moshi ya bunduki za kisasa, na unaweza kupasuka usoni pako.

Jibu: Tena huenda limeshindiliwa bado, yaani lina baruti na risasi ndani, kama la marehemu mjomba wangu Mkoani. Utie mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu, ukiwa kando ya mdomo wa mtutu, kisha upime urefu ulioingia kwa nje ya mtutu. Mdeki usipofika kwenye tundu la moto, pale baruti inapowashiwa, liache, uwaite polisi.

Mkaazi wa Wete: Mdeki umepungua vidole vinne. Nakwenda kituoni sasa hivi.