Nanasi langu la mapambo linanyauka, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Mwaka jana nilinunua ua kwenye kitalu hapa Arusha. Muuzaji aliliita "nanasi la mapambo" tu, jina lenyewe hakulijua. Majani yamejipanga kama kikombe, yana mabaka ya rangi ya fedha na miiba midogo pembeni, na katikati lilitoa shada la rangi ya waridi lenye vijiua vya buluu. Nahisi ni bromelia (mimea ya jamii ya nanasi) aina ya Aechmea fasciata, maana Guzmania, bromelia nyingine, majani yake hayana miiba. Nipo sahihi?

Sasa shada limekauka na mmea mama unanyauka. Najua kila mmea wa aina hii huchanua mara moja kisha hufa taratibu, lakini nimeupenda mno, roho inaniuma. Pembeni yametokea machipukizi mawili, yamefika theluthi ya mama. Niyatenganishe sasa au nisubiri yafike nusu? Udongo wetu huku unashika maji, naogopa mizizi itaoza. Nichanganye na makumbi ya nazi au mkaa?

Na maji ya kwenye kikombe, mnazuiaje mbu? Nayamwaga kila wiki na kuweka mengine, ila ndani ya nyumba kuna mtoto mchanga, sina amani kabisa.