Kompyuta mpakato ndogo kwenye pikipiki: ni nini hasa kinachoiua?

Mhasibu wa Umatengo

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu ninayesaidia kuandika vitabu vya hesabu vya vyama vya msingi vya ushirika vya kahawa katika wilaya za Mbinga na Nyasa. Kwa kuwa vyama hivyo viko vijijini, vingine juu milimani kuelekea Litembo na Maguu, vingine chini kabisa ziwani upande wa Liuli, usafiri wangu wa kila wiki ni pikipiki ya cc 125, kiangazi kwa vumbi na masika kwa tope.

Kompyuta ninayotumia ni mpakato ndogo ya inchi 10.1, mojawapo ya zile zilizoenea kati ya mwaka 2008 na 2010 zikaitwa netibuku, yenye prosesa ya Intel Atom na RAM (kipande cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 2. Wenzangu hunicheka kwa sababu yake, lakini kwa majedwali na stakabadhi inanitosha, uzito wake haufiki kilo moja na nusu, na betri yake huchomolewa kwa mkono bila bisibisi.

Miezi miwili iliyopita diski yake ilianza kugonga taratibu kama saa ya ukutani, na siku ya pili yake haikuwaka tena. Iliondoka na hesabu za vyama vitatu za msimu mzima, nami nikakaa mezani siku kumi na moja nikizirudia moja baada ya nyingine kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Fundi alinifungia diski nyingine iliyotumika, lakini sasa kuna dalili mpya: nikifika mwisho wa safari na kuiwasha, mara hulia milio kadhaa huku kioo kikibaki cheusi, mara huwaka kama kawaida na kuzimika ghafla nikiwa katikati ya kazi. Sijawahi kuanguka nayo wala kuidondosha. Kila ninapomaliza kazi huifunika, huiweka kwenye begi lake pamoja na chaja, na kulifunga begi kwenye keria kwa mipira ya tyubu.

Naomba ushauri wa namna ya kuibeba, na kama inawezekana kuichaji kwa umeme wa pikipiki nikiwa njiani. Au ndiyo niachane nayo nifanye kazi zote kwa simu?

Fundi Kompyuta, Songea

Ndugu Mhasibu, pole kwa siku hizo kumi na moja. Umeandika kwamba ukimaliza kazi "huifunika", wala hukusema kwamba huizima, na hapo ndipo ninapoanza kuhisi kilichoiua diski ya kwanza. Kompyuta iliyofunikwa tu huwa imelala. Begi likibanwa na mipira na kutikiswa kwenye makorongo, kifuniko huachia kidogo na kurudi, kompyuta hudhani kuna mtu amekifungua, inaamka, na diski inaanza kuzunguka humo humo begini. Ndani ya diski hiyo kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake katika uwazi ulio mwembamba mara maelfu kuliko unywele. Diski ikizimwa, kichwa huondolewa juu ya eneo lenye data na kuegeshwa, na hapo huvumilia mishtuko mikubwa zaidi ya mara mbili kuliko ikiwa kazini. Kwa hiyo izime kabisa, subiri taa zote zizimike, ndipo uifunike na kuifungasha.

Kuhusu milio na kioo cheusi, sina shaka kubwa kwamba ni RAM. Kipande hicho hushikwa na vibanio viwili vidogo tu, na mtikisiko mwembamba wa saa tatu nne hukitoa mahali pake kwa sehemu ndogo ya milimita, kiasi cha kukosesha mguso. Toa betri, fungua kifuniko cha chini, kichomoe kipande hicho cha RAM, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, kirudishe kwa pembe ya mshazari kisha kikandamize mpaka usikie vibanio vyote viwili vimelia. Ukiwa umeifungua, kaza skrubu zote na uweke tone dogo la rangi ya kucha kwenye kila kichwa cha skrubu. Ikikauka, skrubu haitalegea kwa mtikisiko, na siku ya kufungua bisibisi itaipasua rangi hiyo bila taabu.

Diski hiyo uliyofungiwa nayo itakufa kama mwenzake. Nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, yenye kiunganishi cha SATA na ya inchi 2.5, hata ya ukubwa mdogo, kwani haina sahani wala kichwa cha kutikisika. Lakini angalia unene: nafasi iliyomo kwenye hizi mpakato ndogo ni ya milimita 9.5 na SSD nyingi zina milimita 7, kwa hiyo pasipojazwa itakuwa ikicheza humo ndani na kulegeza viunganishi. Mimi huweka kadi tatu za benki zilizokwisha muda, ambazo unene wake kwa pamoja unakaribia kabisa pengo hilo. Hiyo ya kampuni ya Asus iliyofungua mlango kwa kompyuta za namna hii mwaka 2007, Eee PC 701, ilitoka kiwandani bila diski ya kuzunguka, na nadhani ilifaa pikipiki kuliko nyingi zilizoifuata.

Simu haitakufaa kwa majedwali ya wanachama mia kadhaa. Itumie kupiga picha stakabadhi, basi.

Bwana Shamba Mstaafu

Kijana wangu, nimeendesha pikipiki ya serikali nyanda za juu kwa zaidi ya miaka ishirini, nimebeba mbegu, vipima mvua vya kioo, na miaka ya mwisho kompyuta. Fundi amesema vema kuhusu mambo ya ndani, nami niseme ya nje.

Keria ndiyo mahali pabaya kuliko pote kwenye pikipiki, kwa sababu iko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na gurudumu likiruka shimo, kilichoko keriani hurushwa juu zaidi kuliko makalio yako. Zaidi ya hapo, wewe umefunga kwa tyubu. Tyubu ikivutwa vizuri hubana sana, na mbano wote huo unaangukia juu ya kifuniko chenye kioo chembamba. Na hiyo chaja umeiweka wapi? Mimi niliwahi kufika kijijini nikafungua begi nikakuta kioo kina ufa wenye umbo la pembe ya chaja, kana kwamba mtu amepiga muhuri. Chaja isikae ubavuni mwa kompyuta kamwe. Iwe na mfuko wake.

Vijana wengi huvaa begi mgongoni, na ni kweli kwamba mwili hunyonya mtikisiko kuliko sponji yoyote. Hata hivyo, mimi siwashauri. Niliteleza kwenye tope la udongo mwekundu, mwendo wa taratibu tu, nikaangukia mgongo, na kilichokuwa begini kikanibonyeza uti wa mgongo hata nikashindwa kuinama kwa majuma mawili. Kompyuta nayo haikupona.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Nilichukua ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wake wa kubana na mpira wa kuzuia maji. Chini niliweka kipande cha godoro chenye unene wa kama vidole vinne, nikaisimamisha kompyuta wima, na pembeni nikaizungushia kanga iliyokunjwa. Kompyuta ya inchi 10 huingia vizuri, zile kubwa haziingii. Ndoo niliifunga mbele ya keria, ikiegemea kiti na kugusa mgongo wangu, na tyubu zikaibana ndoo, si kompyuta. Mvua ya Njombe haikuwahi kuingia. Watu waliniuliza kila mara kama nimebeba togwa, jambo ambalo kwa upande wa wezi lilikuwa faida.

Fundi Umeme wa Makambako

Kaka Mhasibu, naona suala la kuchaji limeachwa, nami ndiyo kazi yangu: ninafunga umeme wa jua majumbani na kutengeneza nyaya za pikipiki.

Geuza chaja yako uisome. Kwa mpakato za aina hiyo mara nyingi utakuta imeandikwa volti 19 na ampea kati ya 1.58 na 2.1, yaani wati 30 hadi 40. Betri ya pikipiki kama yako kwa kawaida ni ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 5 hivi, ambayo ikijaa ina kama wati-saa 60, yaani inaweza kutoa wati 60 kwa saa moja. Ukichomeka kompyuta hapo injini ikiwa imezimwa, kabla saa mbili hazijatimia betri imekwisha, na betri ya risasi huanza kuharibika muda mrefu kabla ya kufika huko. Utabaki kupiga kiki. Ukitumia inveta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unapandisha umeme kutoka volti 12 hadi 230, kisha chaja inaushusha tena hadi 19, na kila hatua inakula sehemu yake. Kama ni lazima, tafuta kibadilishi cha moja kwa moja cha kutoka volti 12 kwenda 19, waya wake utoke kwenye betri yenyewe, fyuzi ya ampea 5 ikae karibu kabisa na ncha ya chanya, na utumie injini ikiwa inaunguruma.

Ila kuichaji huku unaendesha nakukataza. Pini ya chaja ikiwa ndani ya tundu lake hutikisika kama nyundo ndogo, na risasi iliyounganisha tundu hilo na bodi hupasuka. Nimerudishia matundu ya namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba siulizi tena mteja amekuja na nini, nauliza alikuwa njia gani.

Kwa kuwa betri yako inachomolewa, nunua ya pili. Yenye seli 6 huwa na wati-saa karibu 48, kompyuta yako inakula kama wati 10, hivyo hata ikiwa imezeeka kidogo utapata saa tatu au nne za kazi. Na kibadilishi nilichokutajia usikifunge kwenye pikipiki, kibebe. Ofisi nyingi za vyama vijijini zina umeme wa jua wenye betri kubwa ya volti 12, na ukiomba kuchomeka hapo mchana jua likiwaka, hutamkosesha mtu taa ya usiku.

Fundi Kompyuta, Songea

Naongeza moja niliyoisahau. Ukilala Litembo kwenye baridi na asubuhi ukashuka hadi Liuli ziwani, kompyuta inafika ikiwa bado ya baridi kwenye hewa ya joto yenye unyevu, na ukiifungua papo hapo maji hujitengeneza ndani kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache ndani ya ndoo ya mzee, mfuniko ukiwa umefungwa, kwa nusu saa au zaidi. Na nakala ya kazi iweke kwenye flashi inayokaa mfuko wa shati, isikae begi moja na kompyuta.

Mhasibu wa Umatengo

Nawashukuru nyote, na shikamoo Bwana Shamba. Jana usiku nilitoa betri na kuigeuza kompyuta nikasikia kitu kinabingirika ndani. Nilipofungua kifuniko cha chini ikadondoka skrubu moja, na nyingine mbili zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa ukucha. RAM ilikuwa imeinuka upande mmoja, kwa macho unaona kabisa. Nimeirudisha, nimekaza, rangi ya kucha nimeazima kwa mke wangu ambaye hakuniamini nilipomweleza ni ya nini. Imewaka mara ya kwanza bila mlio.

SSD nimeagiza Songea. Ndoo ninayo, ila ilikuwa ya rangi ya mafuta na bado inanuka hata baada ya kuisugua kwa sabuni mara mbili. Mzee, wewe ya kwako uliisafisha kwa kutumia kitu gani?

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Isugue kwa majivu, kisha iache juani siku tatu bila mfuniko. Ikishindikana, omba ya rangi ya maji kwa mafundi ujenzi.